Meno ya wajukuu yanaoza na maji yetu yana floraidi: niendelee na dawa ya mswaki au niache?

Wataalamu, salaam.

Ninaishi kijijini, upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Ninalea wajukuu watatu, mama yao yuko Dar es Salaam anatafuta maisha. Mkubwa ana miaka sita, wa kati mitatu na nusu, mdogo ana miezi 13.

Wa kati ndiye ananinyima usingizi. Meno manne ya mbele ya juu yamekuwa ya kahawia karibu na fizi na mawili yameanza kumeguka. Gego moja la chini lina tundu, na wiki hii amekuwa akiamka usiku analia ameshika shavu. Jirani anasema nichovye pamba kwenye maji ya betri niweke kwenye tundu. Wengine wananiambia nisihangaike, hayo ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe.

Huku kwetu watu wazima wengi tuna meno ya kahawia kwa sababu ya maji. Kuna mtu aliniambia dawa ya mswaki ina madini yale yale, kwa hiyo niliiacha. Watoto wanaswaki kwa maji na mkaa uliosagwa. Nimekosea?

Mdogo halali bila chupa ya uji mwepesi wa maziwa na sukari. Sasa anaharisha na fizi zimevimba pembeni. Mama mmoja anasema ni meno ya plastiki, na yupo mzee anayeyatoa. Zahanati yetu haina daktari wa meno, na nauli ya hospitali ya wilaya si ya kila wiki. Nianzie wapi?

Bibi wa watatu, Meru

*

Shikamoo, Bibi.

Anzia kwa yasiyosubiri. Maji ya betri ni asidi. Yakiingia kwenye tundu hayachagui: yanaunguza fizi, ulimi na shavu kabla maumivu ya jino hayajatulia, na mtoto akimeza yanaunguza koo. Maumivu yakitulia baadaye ni kwa sababu mshipa wa jino umekufa, huku usaha ukiendelea kujikusanya chini yake. Aspirini inayosagwa na kubandikwa kwenye fizi nayo huunguza, na mtoto hapaswi hata kuimeza. Mafuta ya karafuu yaliyokolea waachieni watu wazima.

Kwa maumivu ya usiku mpe parasetamo ya maji. Chupa nyingi hapa nchini huandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5. Soma lebo yako uhakikishe. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 14 hupata mililita 7.5 za dawa hiyo, kila baada ya saa sita, bila kuzidi mara nne kwa siku nzima. Uzito uangalie kwenye kadi ya kliniki. Tumia kipimo kilichokuja na chupa, maana vijiko vya chai vinatofautiana sana. Tundu lioshe kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, uondoe chakula kilichonasa.

Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku yenyewe tu, bila kula wala kunywa kitu, kwa kawaida yana maana kwamba uozo umefika kwenye mshipa. Hilo haliponi kwa kuziba tundu juu juu, wala kwa amoksilini ya kununua duka la dawa. Anahitaji mtu wa meno ndani ya siku chache. Lakini ukiona shavu au sehemu ya chini ya taya imevimba, ana homa, mdomo haufunguki vizuri, anashindwa kumeza au anapumua kwa shida, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa.

Sasa mdogo. Meno ya plastiki hayapo. Uvimbe mweupe unaouona pembeni ni meno chonge yanayojitengeneza chini ya fizi. Hutoka karibu miezi 16 hadi 20, na kabla ya hapo fizi hutuna. Kuharisha kunatokea umri huo huo kwa sababu mtoto anatambaa, anatia kila kitu mdomoni na amekwisha anza vyakula vingine. Anayechimba fizi anang'oa chipukizi la jino, na mara nyingi anajeruhi pia la ukubwani lililo chini yake. Mtoto anapoteza damu wakati ameshapungukiwa maji, na kifaa kilichopita kwenye vinywa vya watoto wengine kinaweza kuleta pepopunda, homa ya ini au VVU. Usimpeleke, hata akisisitiza nani.

Mpeleke zahanati, hapo hahitajiki daktari wa meno. Atapewa ORS na vidonge vya zinki. Kwa umri wake zinki ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. ORS changanya kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, umpe mililita 50 hadi 100 kila anapopata choo cha maji, kwa kijiko au kikombe. Uji na maziwa aendelee navyo. Macho yakizama, akishindwa kunywa, akilegea au ukiona damu kwenye choo, usingoje kesho.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali lako la dawa ya mswaki, ambalo wengi wa ukanda wenu hujiuliza kimyakimya. Aliyekushauri ana nusu ya ukweli. Madini ni yale yale, floraidi. Kilichomponyoka ni kiasi, na njia yanayopita.

Floraidi inapochora meno hufanya hivyo kupitia damu. Mtoto anakunywa maji, madini yanaingia mwilini na kufika kwenye jino ambalo bado linajengwa ndani ya taya. Jino likishatoka, rangi yake imeshaamuliwa. Meno ya mbele ya ukubwani yako hatarini zaidi katika miaka mitatu ya kwanza ya maisha, na mengine hadi miaka minane hivi. Dawa ya mswaki inafanya kazi kwa nje: floraidi inagusa uso wa jino na kulisaidia kurudisha madini yaliyoibiwa na asidi ya ukoga. Kazi hiyo mkaa hauwezi. Mkaa unakwangua tabaka la nje na haurudishi chochote.

Piga hesabu. Dawa iliyoandikwa 1000 ppm ina miligramu 1 ya floraidi katika kila gramu. Kiasi cha punje ya mchele ni kama gramu 0.1, yaani floraidi miligramu 0.1, kwa dawa ya 1500 ppm ni miligramu 0.15. Mtoto akiswaki mara mbili na kumeza yote, amepata miligramu 0.2 hadi 0.3 kwa siku. Chukua sasa maji yenye miligramu 5 kwa lita, kiwango kisicho cha ajabu kuzunguka Meru, wakati ukomo unaoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Glasi moja ya mililita 250 inampa miligramu 1.25. Glasi moja, Bibi, ni sawa na kumeza dawa ya siku nne hadi sita. Juu yake kuna uji, chai, na maharage yaliyolainishwa kwa magadi, ambayo nayo huja na floraidi yake. Kwa kuacha dawa ya mswaki umefunga tundu la sindano na mlango umebaki wazi.

Kwa hiyo rudisha dawa, kwa kipimo. Nunua yenye maandishi ya floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm. Kama tyubu haitaji floraidi kabisa, iache dukani. Chini ya miaka mitatu ni punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita kipimo cha kawaida ni punje ya njegere, lakini kwa maji ya kwenu sisi tungebaki na punje ya mchele mpaka mtoto awe anatema vizuri bila kukumbushwa. Weka dawa wewe, na tyubu ikae juu wasipofika. Zile zenye ladha ya matunda watoto huzilamba kama asali, na hapo hesabu yetu yote inaharibika.

Mkono uwe wa mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu akijiswaki anatafuna brashi na kuishia meno ya mbele. Kaa kwenye mkeka, mlaze kichwa chake mapajani kwako akitazama juu, ukiwa na mwanga wa kutosha au tochi ya simu. Inua mdomo wa juu kwa kidole. Brashi iwe ndogo na laini, nyuzi zikiwa zimeelekea kwenye mstari ambapo jino linakutana na fizi, maana hapo ndipo uozo wa watoto wadogo huanzia. Zungusha polepole meno mawili mawili, nje, ndani, kisha sehemu ya kutafunia. Dakika mbili zinatosha. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Damu kidogo kwenye fizi siku za kwanza inatokana na ukoga uliokaa muda mrefu. Usiache kwa sababu hiyo, itakoma ndani ya wiki moja au mbili. Atalia pia. Mkubwa amshike mikono amwimbie.

Mara mbili kwa siku, na ukishindwa moja, usishindwe ile ya usiku. Mtoto akilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayosafisha asidi. Sukari iliyobaki mdomoni saa mbili usiku ina usiku kucha wa kufanya kazi. Brashi kila mtoto na yake, ibadilishwe nyuzi zikitawanyika. Mswaki wa mti ni mzuri kwa mkubwa anayejua kuutumia, tena akipaka dawa kidogo kwenye ncha, lakini mtoto wa miaka mitatu asikimbie na kijiti mdomoni.

Chupa ya usiku kama hii ya mdogo ndiyo iliyoharibu meno ya wa kati, tungeweka dau, kama naye alilala nayo. Meno manne ya mbele ya juu, kahawia kwenye fizi, ya chini mazima kwa sababu ulimi na mate huyakinga: huo ndio mchoro wa chupa. Rangi ya maji haiji hivyo. Ya maji hukaa sawa kulia na kushoto, kwa mistari au mabaka yanayokatiza jino, jino likiwa gumu tangu lilipotoka, na huonekana zaidi kwenye meno ya ukubwani. Uozo ni laini, unameguka, na unaanzia kwenye fizi au kwenye mashimo ya gego. Na kunywa maji yenye floraidi nyingi hakumkingi mtoto na sukari. Meno yaliyochorwa sana huwa dhaifu na humeguka upesi.

Usiikate chupa wakati bado anaharisha. Akipona, uji wa jioni mpe kwa kikombe kabla ya kulala, umswaki, kisha chupa ya kulalia iwe na maji. Atagoma, kwa hiyo shuka taratibu. Usiku wa kwanza na wa pili weka uji ule ule bila sukari. Siku mbili zinazofuata robo iwe maji, mbili nyingine nusu, kisha robo tatu, mpaka yawe maji matupu. Ndani ya siku kumi watoto wengi huacha wenyewe, kwa kuwa hawaamki kwa ajili ya maji. Baada ya kuswaki hakuna kinachoingia mdomoni zaidi ya maji safi. Angekuwa ananyonya ziwa la mama tusingekuambia umwachishe.

Kwa wakubwa, kinachoumiza zaidi ni idadi ya mara wanazokula sukari kuliko kiasi chake. Kila sukari inapoingia, asidi huzalishwa na mate huchukua karibu nusu saa kuituliza. Chai ya sukari iliyonywewa na kitafunwa mara moja ni shambulio moja. Chai hiyo hiyo ikitiwa kwenye kichupa mtoto akazunguka nayo akinywa kidogo kidogo hadi saa sita, meno hayapumziki asubuhi nzima. Pipi, ubuyu wa rangi na juisi za pakiti ziende pamoja na chakula, na kati ya milo wapewe ndizi, karanga kwa mkubwa, kiazi au maji. Mwambie mwenye duka asikurudishie chenji kwa pipi. Atakutania tu, lakini ataacha.

Maji ni kazi nzito kuliko mswaki. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaiongeza ukali kwa sababu maji yanapungua na madini yanabaki. Dawa ya klorini haiiondoi, kitambaa pia hapana. Inayoondolewa ni kwa chujio la mkaa wa mifupa, njia ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto huko huko kwenu, au kwa kuikwepa kabisa: maji ya mvua karibu hayana floraidi. Huhitaji ya kufulia wala kuogea. Ya kunywa, uji na chai za watoto watatu ni kama lita 4 kwa siku. Kuanzia masika yanapoisha hadi vuli ni siku 150 hivi, yaani lita 600: mapipa matatu ya lita 200, yasiyowahi kubeba kemikali, yenye mfuniko. Mvua ya kwanza ioshe bati na kumwagika, ya pili ndiyo uikinge. Hayo chemsha, kwa ajili ya vijidudu. Yasipotosha wote, mdogo awe wa kwanza, kwa kuwa meno yake ya ukubwani ndiyo yanajengwa sasa. Magadi kwenye maharage yao acha. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji hayo. Na uliza kamati ya maji ya kijiji au ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kipimo cha floraidi cha chanzo mnachochota. Vyanzo viwili vya kata moja vinaweza kutofautiana sana, huenda bomba la mbali kidogo likawa na nafuu.

Safari ya hospitali iwe moja, nenda na wote watatu. Kabla ya nauli, mwombe muuguzi wa zahanati apige simu kuuliza siku ambazo tabibu wa meno yupo na kama vifaa vya kuziba vipo. Beba kadi za kliniki: kwa sera ya nchi, watoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, ingawa dawa zikiisha utaambiwa ununue.

Gego linalomwamsha wa kati huenda likang'olewa. Likubali, ila uliza kuhusu mengine. Yenye tundu lisilouma usiku yanaweza kuzibwa bila mashine ya kutoboa na mara nyingi bila sindano: uozo laini unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linajazwa simenti ya meno inayotoa floraidi. Njia hiyo ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme, kwa hiyo usikubali jibu la kwamba hakuna mashine. Uliza pia kama wana silva dayamini floraidi. Ni tone la dawa linalopakwa kwenye uozo kwa dakika moja na kuusimamisha. Hurudiwa baada ya miezi sita. Itageuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi moja kwa moja, uelezwe mapema. Jino jeusi lisilouma ni bora kuliko la kahawia linalomeguka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na simenti ile na dawa ya mswaki yenye floraidi.

Kuhusu "yatang'oka yenyewe": magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Wa kati ana miaka saba ya kutafunia hayo, na yakitoka mapema yale ya ukubwani hukosa nafasi na kupandana.

Mdogo muinulie mdomo kila mwezi siku ya kliniki. Mstari mweupe kama chaki kwenye fizi ndio mwanzo wa uozo. Hapo bado unarudishwa nyuma kwa dawa ya mswaki na kwa vanishi ya floraidi inayopakwa na mtaalamu mara mbili kwa mwaka.

Mkubwa umemtaja kwa umri tu, na yeye ndiye tungependa umfungue mdomo leo. Pitisha kidole nyuma ya gego la mwisho. Karibu miaka sita huchomoza hapo gego jipya, moja kila pembe, bila jino lolote kung'oka kwanza, kwa hiyo watu wengi huliita la utoto na kuliacha lioze. Ni la ukubwani, halina mrithi. Linapochomoza liko chini kuliko wenzake na brashi hulipita juu. Liingie brashi kwa ubavu, kutokea shavuni, kwa mkono wako, hadi afike miaka minane. Hospitalini mwombe tabibu azibe mifereji yake ya juu kwa simenti ile ile kabla haijaoza.